Soma Redio Kabla ya Kuinunua

SOMO LA LEO: KUCHAGUA REDIO YA MEZANI YA VALVU

Tulipoanza kujifunza kusoma, wengi wetu tulidhani maandishi yamo katika vitabu na magazeti tu. Baadaye tukaona kumbe yamo pia kwenye gunia la mbolea, kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe na kwenye mizani ya pamba. Na asiyeyasoma hayo ndiye anayepunjwa. Leo tutasoma maandishi ya mahali pengine: mbele, nyuma na ndani ya redio.

Redio tunayoizungumzia si ile ndogo ya kutia mawe na kwenda nayo shambani. Ni ile kubwa ya zamani ya kuwekwa mezani. Kasha lake ni la mbao inayong'aa. Mbele ina kitambaa kinachofunika spika, na vitufe vyeupe vilivyopangwa kama meno. Ndani yake mna taa ndogo za kioo. Taa hizo mafundi huziita valvu. Ukiiwasha redio hii haisemi papo hapo. Inangoja kama nusu dakika valvu zipate moto, ndipo sauti inapanda polepole, nzito na laini.

Siku hizi wapo watu wanaozitafuta tena redio hizi. Wengine wanazitafuta kwa ajili ya sauti yake. Wengine wanazitafuta kwa ajili ya kumbukumbu ya wazee wao. Na wapo wa tatu, wanaozitafuta kwa ajili ya kudanganya watu. Hao nao tutawafikia.

1. REDIO HIZI ZILITOKA WAPI?

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Huo ndio mzizi wa Radio Tanzania, iliyopata jina hilo mwaka 1965, na wa TBC Taifa ya leo. Mwaka 1951 transista zilikuwa hazijafika madukani. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa kwa watu ilitoka Marekani mwaka 1954. Kwa hiyo watu wa mwanzo kusikia redio katika nchi yetu walisikia kwa valvu.

Valvu zinataka umeme mwingi. Kwa upande wetu huu, umeme ulikuwa penye mji au penye mitambo ya mgodi. Kulikuwa na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Kulikuwa na Geita, ambako mgodi wa zamani wa dhahabu ulifanya kazi mpaka mwaka 1966. Vijijini hakukuwa na nyaya za umeme. Mtu wa huko aliyetaka redio ilimbidi anunue ya betri.

Na betri yenyewe haikuwa mawe mawili! Mwaka 1949 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ililetewa redio ya valvu iliyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika wa vijijini. Iliitwa redio ya sufuria, kwa sababu kasha lake lilikuwa sufuria ya alumini isiyo na mkono. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ilinunuliwa mbali. Betri moja kubwa iliweza kufanya kazi kwa saa kama 300. Hebu tupige hesabu: mtu akisikiliza saa 3 kila siku, betri itamfikisha siku 100. Baada ya hapo anaanza kutafuta fedha ya betri nyingine.

Transista zilipokuja, mambo yakawa mepesi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wanakisomo vilikusanyika kuzunguka redio ndogo za transista. Redio kubwa za valvu zikafunikwa vitambaa na kuwekwa pembeni. Nyingine zimekaa hapo mpaka leo.

2. KIJANA WA KATORO NA MAMA WA MAGANZO

Sasa tuchukue mfano. Tuseme yupo kijana wa Katoro, mkoani Geita. Amefanya kazi machimboni na ameweka akiba ya shilingi 250,000. Baba yake ni mzee, na macho yake hayaoni vizuri. Mzee huyo husema kila mara kwamba redio za siku hizi zinapiga kelele tu, hazina sauti. Kijana anataka kumnunulia redio ya valvu.

Anasikia kwamba huko Maganzo, jirani na Mwadui, kuna mama mjane. Marehemu mume wake alifanya kazi mgodini, na aliacha redio ya namna hiyo. Kijana anapanda basi. Mfukoni ana daftari, kalamu na tochi.

"Hodi!"

"Karibu."

"Mwadila, mayu. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Nimesikia unayo redio ya mzee."

"Ipo. Lakini kama umefuata zebaki, baba, rudi ulikotoka. Nimechoka."

"Zebaki gani, mama? Mimi nimefuata redio."

Mama anamtazama, halafu anacheka kidogo. Anaeleza kwamba zamani kidogo alikuja mtu aliyevaa vizuri. Mtu huyo alisema eti ndani ya redio kuna zebaki nyekundu ya thamani ya mamilioni. Lakini kwanza zilitakiwa fedha za kukodi kifaa cha kuipimia.

"Nikampa elfu hamsini," anasema mama. "Mpaka leo namngoja."

Ndugu wasomaji, tuwaache kidogo hao wawili tuujibu uongo huu.

3. HAKUNA ZEBAKI NYEKUNDU NDANI YA REDIO

Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua zebaki. Inamiminika kama maji, lakini ni nzito mno. Rangi yake ni ya fedha. Inakamata dhahabu iliyosagwa, na ikichomwa moshi wake ni sumu inayoharibu ubongo na figo. Hiyo ndiyo zebaki ya kweli. Bei yake inajulikana, na haimtajirishi mtu kwa siku moja.

Zebaki nyekundu ya mamilioni haipo. Yapo mawe mekundu yenye zebaki ndani yake, na watu wa kale waliyasaga wapate rangi. Hayo si siri wala si utajiri. Lakini uvumi wa zebaki nyekundu umezunguka nchi nyingi kwa miaka mingi. Mwaka 2009 ulifika Saudi Arabia, watu wakasema imo ndani ya cherehani za zamani za Singer. Bei za cherehani hizo zikapanda kupita kiasi, na wanunuzi hawakupata kitu ila cherehani. Mahali pengine walisema imo ndani ya redio na televisheni za zamani.

Wadanganyifu wana vipimo vyao. Eti ukiikaribishia dhahabu inaifuata, ukiikaribishia kitunguu saumu inakimbia, na mbele ya kioo haionekani. Hivyo ni viini macho.

Lakini kwa nini watu wanaamini? Ni kwa sababu ukiitazama valvu, juu ya kioo kwa ndani unaona baka linalong'aa kama fedha. Mtu anayeijua zebaki anaweza kusema, "Si hiyo hapo!" Siyo. Baka hilo ni la madini yanayoitwa bariamu. Kiwandani hewa ilitolewa ndani ya kioo, na bariamu ikawekwa ili inyonye hewa kidogo iliyobaki. Zilikuwapo valvu kubwa za mitambo zenye mvuke wa zebaki, lakini valvu za redio ya nyumbani hazina.

Baka hilo lina faida nyingine kwa mnunuzi. Likiwa la rangi ya fedha, au jeusi linalong'aa, hewa haijaingia. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa. Kwa hiyo kitu kile kile ambacho tapeli anakitumia kukudanganya, wewe kitumie kujua ukweli.

4. KUSOMA MBELE YA REDIO

Turudi Maganzo. Mama anaondoa kitambaa. Redio ni ya Kijerumani, ya miaka ya hamsini na kitu. Kijana haichomeki kwenye umeme. Anafungua daftari lake na kuanza kusoma.

Redio bora za wakati huo zilitoka hasa Ujerumani, kama Grundig, Telefunken, Saba na Nordmende. Philips zilitoka Uholanzi. Pye, Murphy na Bush zilitoka Uingereza. Lakini jina peke yake halitoshi. Kila kiwanda kilitengeneza redio za bei ndogo na za bei kubwa. Redio ya daraja la juu huitambua kwa mambo haya: kasha kubwa la mbao, spika zaidi ya moja, na vifundo viwili vya sauti, kimoja cha kuongeza sauti nene na kimoja cha sauti nyembamba. Tena ina jicho la kijani linalofumba na kufumbua unapotafuta kituo.

Halafu soma herufi za kwenye vitufe. Redio ya Kijerumani imeandikwa hivi:

L au LW ni masafa marefu. Kwetu hayatumiki.
M au MW ni masafa ya kati.
K au KW ni masafa mafupi. Kwenye redio ya Kiingereza imeandikwa SW.
U au UKW ni FM. Kwenye redio ya Kiingereza imeandikwa VHF au FM.
TA ni sehemu ya kuunganisha gramafoni.

Herufi hizi ni jambo kubwa. Leo vituo vingi vya Kanda ya Ziwa vinasikika kwa FM. Ukinunua redio nzuri isiyo na FM, huenda ukapata mbao nzuri na ukimya. Wajerumani waliiwahi FM kwa sababu maalumu. Katika mkutano wa Copenhagen wa mwaka 1948, nchi za Ulaya ziligawana masafa ya kati, na Ujerumani iliyoshindwa vita ikapata machache. Ikabidi wajenge vituo vya FM tangu miaka ile. Ndiyo maana redio zao za miaka ya hamsini nyingi zina UKW.

Hata hivyo, soma na namba. FM ya kwetu inaishia 108. Redio nyingi za zamani za Kijerumani zinaishia 100 au 104. Kama kituo unachokipenda kiko 106, hakitaingia. Kabla ya kusafiri kwenda kununua, andika katika daftari namba za vituo vinavyosikika nyumbani kwako. Kijana wetu aliandika namba za vituo vinne vinavyosikika Katoro. Redio ya mama inaishia 100. Vitatu vimo, kimoja hakimo.

Kwa masafa mafupi, redio za zamani zimeandikwa mita. Kuzipata mita, gawa 300 kwa namba ya megahezi. Kituo cha megahezi 6 kiko mita 50, kwa sababu 300 gawa kwa 6 ni 50. Kituo cha megahezi 15 kiko mita 20.

5. KUSOMA NYUMA YA REDIO

Sasa kijana anaigeuza redio. Nyuma kuna ubao mwembamba wenye matundu. Hapo anatafuta neno VOLTI, au herufi V.

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Redio nyingi nzuri zina kidude cha kuchagulia volti, chenye namba kama 110, 127, 150, 220 na 240. Kama kidude kiko 110 na wewe ukachomeka, utaiunguza redio mara moja. Kama zipo 220 na 240, weka 240, valvu zitaishi zaidi. Kama mwisho wake ni 220, mwambie fundi. Ya mama inasoma 220, na nafasi ya 240 ipo.

Kijana anamulika tochi kwenye matundu, bila kutia kidole. Anazitazama valvu moja moja. Nyingine mende wameziwekea uchafu, lakini maandishi yanasomeka. Anaandika: ECC85, ECH81, EF89, EABC80, EL84, EM80.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo kiini cha somo letu. Tazameni herufi ya kwanza ya kila valvu. Kwa valvu za Ulaya, herufi hiyo inaeleza valvu inapashwa moto kwa umeme wa namna gani.

E maana yake ni volti 6.3. Redio ya valvu za E kwa kawaida ina transfoma, na transfoma inatenga umeme wa ukutani na chuma cha ndani ya redio. Hii ndiyo nzuri kwa nyumba.

D maana yake ni volti 1.4. Hiyo ni redio ya betri. Betri zake kubwa za volti 90 hazimo tena katika maduka yetu. Usiinunue ukitegemea kuisikiliza kesho.

U ni valvu zilizofungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, na kuungwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Nyingi ya redio hizo hazina transfoma ya kutenga umeme. Chuma cha ndani kinaweza kuwa na umeme wote wa ukutani. Mtoto akigusa msumari wa kifundo kilichong'oka, anaweza kufa.

Redio za Marekani zina mpango mwingine. Valvu zake zinaanza na namba, na namba hiyo ndiyo volti zake. Tuseme umezikuta hizi tano: 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4. Jumlisha namba za mwanzo: 12 na 12 na 12 na 50 na 35. Jumla ni 121. Kwa nini? Kwa sababu zimefungwa kwa mfululizo zile volti 110 hadi 120 za Marekani. Redio hiyo nayo haina transfoma, tena haiwezi umeme wetu wa 230. Iache.

Mnaona? Mtu asiyejua kusoma anaona kioo na vumbi. Anayejua herufi moja tu anajua ipi itamuua na ipi itamwimbia.

Kijana anatazama tena na tochi. Mabaka yote ni ya rangi ya fedha, isipokuwa moja. EF89 ina baka jeupe. Hiyo imekufa.

6. KUTAZAMA MBAO NA SPIKA

Jambo hili ni fupi. Gonga kasha kwa kidole. Likilia kama kopo la unga, wadudu wamebungua mbao. Tazama kama panya wametafuna nyaya. Tazama kama karatasi ya spika imechanika.

Angalizo moja kwa wanunuzi wa Philips: baadhi ya redio zao kubwa, zilizoandikwa Bi-Ampli, zina spika za namna ya pekee za omu 800. Spika za kawaida za sokoni ni omu 4 au 8, na haziwezi kuwekwa badala yake. Spika hizo zikiwa zimekufa, fikiri mara mbili.

7. USICHOMEKE OVYO

"Ngoja nilete waya tuijaribu," anasema mama.

"Hapana, mama. Imekaa miaka mingi. Tukiiwasha sasa tunaweza kuiunguza."

Kijana amesema kweli. Ndani ya redio mna vidude vinavyoitwa kapasita. Za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na nta. Zikikaa miaka mingi zinaanza kuvuja umeme. Kapasita moja inayovuja inaipa valvu ya sauti, kama EL84, umeme isioutaka. Valvu inapata moto kupita kiasi, halafu inaungua pamoja na transfoma. Kapasita ni kitu kidogo cha bei ndogo. Transfoma ni kitu kikubwa, na kuipata ni kazi.

Fundi anayejua kazi yake hubadilisha kapasita za karatasi kwanza. Halafu huiwasha redio kupitia balbu ya waya iliyofungwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka sana na kubaki hivyo, kuna hitilafu, na redio haijaungua. Mwulize fundi wako kama anaifahamu njia hii. Akisema, "Aa, chomeka tu tuone," chukua redio yako mwende.

Jambo la hatari zaidi: ndani ya redio ya valvu inayowaka mna volti 200 hadi 300. Hata ukichomoa plagi, kapasita zinaweza kuubakiza umeme huo kwa muda. Kwa hiyo kufungua redio si kazi ya mwenye nyumba, ni kazi ya fundi.

8. HESABU KABLA YA KUTOA FEDHA

Mama anataka shilingi 150,000. Kijana hakatai wala hakubali. Anaandika katika daftari, na mama anamtazama anavyoandika. Bei hizi ni za mfano tu:

Redio: 150,000
Fundi: 60,000
Kapasita na valvu moja: 40,000
Nauli na kusafirisha: 30,000
Jumla: 280,000

"Mama, bei ya redio si hii ya juu. Bei ya redio ni hii ya chini."

Hapo kijana alikuwa na nafasi ya kufanya hila. Angeweza kusema, "Mama, redio yako imekufa, nipe kwa elfu ishirini niikate kuni." Mama asingejua. Lakini kijana anamwonyesha kila kitu. Anamwambia redio ni ya daraja la juu, kasha ni zima, spika zote tatu ni nzima. Anamwonyesha na valvu yenye baka jeupe, na anamweleza maana yake.

Mama anaitazama hesabu kwa muda mrefu.

"Wewe unazo ngapi?"

"Za kazi yote ni 250,000, mama. Zaidi ya hapo sina."

"Basi toa thelathini kwenye yangu." Anapiga hesabu kwa midomo. "Inabaki laki na ishirini."

Ipo hesabu nyingine, ya umeme. Redio kama hii inakula wati kama 60. Ukisikiliza saa 4 kwa siku, ni 60 mara 4, yaani 240. Kwa siku 30 ni 7,200. Gawa kwa 1,000 upate uniti: ni uniti 7.2 kwa mwezi. Redio ndogo ya wati 3 kwa muda huo huo itakula uniti 0.36 tu. Ya valvu inakula mara 20 zaidi! Kwa hiyo mwenye sola ndogo ya kuwashia taa asijidanganye, haitaiweza redio hii.

9. REDIO IKIFIKA NYUMBANI

Iweke mahali penye hewa, umbali kidogo na ukuta, maana valvu zinatoa joto. Usiifunike kitambaa inapowaka. Kama umefunga antena ya nje juu ya nyumba, ichomoe kabla ya mvua, kwa maana radi za ukanda huu wa Ziwa si za mchezo. Umeme ukikatika, zima redio. Ukirudi, ngoja kidogo ndipo uwashe.

Na kile kituo kilichokosa nafasi? Ipo njia. Kama redio ni ya valvu za E na ina kitufe cha TA, fundi anaweza kutengeneza waya wa kuiunga na simu au na redio ndogo. Sauti itatoka kwa spika kubwa. Lakini kwa redio ya valvu za U msifanye hivyo kabisa, umeme unaweza kupita kwenye waya mpaka mkononi.

Mama wa Maganzo alipopokea fedha zake aliuliza swali moja.

"Ataisikiliza nani?"

"Baba. Macho yake yamechoka, mama. Kilichobaki ni masikio."

"Basi siku ya kwanza ikisema, nipigie simu. Usiseme kitu. Weka simu karibu na spika, mimi nitajua."

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Andika namba za vituo vya kwenu kabla ya kwenda kununua.
2. Soma volti nyuma ya redio. Kwetu ni 230.
3. Soma herufi ya kwanza ya valvu: E nunua, D fikiri, U ogopa.
4. Baka la fedha ni zima, baka jeupe ni kufa. Zebaki hakuna.
5. Jumlisha bei ya redio, fundi, vipuri na nauli.
6. Usichomeke redio iliyolala kabla fundi hajaiona.
7. Anayedai fedha za kupima utajiri wako, utajiri anaoutaka ni fedha hizo.

MANENO YA SOMO

Valvu: taa ya kioo ndani ya redio inayokuza sauti ndogo iwe kubwa.
Kapasita: kidude kinachohifadhi umeme kwa muda.
Transfoma: kifaa kinachopandisha au kushusha volti.
Mfululizo: kufunga vitu kimoja baada ya kingine katika njia moja ya umeme.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mtu amekuja na redio yenye valvu UCH81, UF89 na UL84. Anaiuza kwa bei ndogo sana. Mtamshauri nini mwenzenu anayetaka kuinunua, naye ana watoto wadogo?
2. Kituo kiko megahezi 12. Kwenye redio ya zamani mtakitafuta mita ngapi?
3. Redio ya wati 50 inasikilizwa saa 5 kila siku. Itakula uniti ngapi kwa siku 30? Zidisheni kwa bei ya uniti mnayolipa.
4. Je, kijana wa Katoro alifanya vizuri kumweleza mama kwamba redio ni ya daraja la juu, na hali hiyo ingeweza kupandisha bei? Kila mtu atoe sababu zake.
5. Kwa nini mama aliyedanganywa mara moja aliweza kumwamini mnunuzi wa pili?